Mbona Tulitoka Bila Kupoteza Mechi? Kanuni za Hatua ya Mtoano, Kutoka Kasarani Hadi Uwanja wa Wadi

Na Mwandishi Wetu

Ijumaa ya Agosti 22, 2025, Harambee Stars waliaga mashindano ya CHAN bila kupoteza mechi hata moja. Walicheza mara tano, wakashinda tatu na kutoka sare mbili. Sare ya mwisho, 1-1 dhidi ya Madagaska katika robo fainali, ndiyo iliyowatoa, kwa mikwaju ya penalti 4-3.

Siku nane baadaye, Moroko waliinua kombe katika uwanja uo huo wa Kasarani, baada ya kuwafunga Madagaska 3-2 kwenye fainali. Ni Moroko hao hao ambao Kenya iliwalaza 1-0 kwenye hatua ya makundi, tena vijana wetu wakicheza kumi uwanjani kipindi chote cha pili.

Kwa wakazi wengi, hesabu hiyo haikuingia akilini. Timu isiyopoteza mechi inatolewaje, na iliyopoteza inabebaje kombe? Jibu liko kwenye kanuni za mechi za mtoano. Ni vyema kila mkazi azifahamu, kwa sababu hazitumiki Kasarani pekee. Ndizo zinazoamua pia mashindano ya wadi zetu, na kutozijua kumewahi kugeuza mechi nzuri kuwa ugomvi.

MAKUNDI YANASAMEHE, MTOANO HAUSAMEHI

Mashindano mengi makubwa yana sehemu mbili. Ya kwanza ni hatua ya makundi, ambapo kila timu hukutana na kila mwenzake kundini. Ushindi ni pointi tatu, sare ni pointi moja, kushindwa ni sufuri. Pointi hujumlishwa mwishoni.

Katika Kundi A la CHAN, Kenya ilishinda Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo 1-0, ikatoka sare 1-1 na Angola, kisha ikazilaza Moroko na Zambia kwa 1-0 kila moja. Hizo ni pointi 10. Moroko walipoteza kwa Kenya lakini wakashinda mechi zao nyingine tatu, wakapata pointi tisa. Kenya ikawa ya kwanza, Moroko ya pili, na zote mbili zikasonga mbele. Moroko waliteleza mara moja, wakapata nafasi ya kujirekebisha. Ndiyo maana tunasema makundi yanasamehe.

Sehemu ya pili ni mtoano, yaani mechi moja, mshindi mmoja. Anayeshindwa anafunga virago. Pointi za makundi hazivuki kuingia huku, na timu iliyoongoza kundi kwa pointi 10 huanza sawa na ile iliyopita kwa shida.

Idadi ya wanaovuka hutegemea ukubwa wa mashindano. CHAN hiyo ilikuwa na timu 19 katika makundi manne, na mbili bora za kila kundi ziliingia robo fainali. Kombe la Mataifa ya Afrika, AFCON, lina timu 24, na 16 huingia mtoano: mbili bora za kila kundi pamoja na nne zilizofanya vizuri zaidi kati ya zilizomaliza nafasi ya tatu. Kombe la Dunia la 2026 lilipanuliwa hadi timu 48, na mtoano wake huanza na timu 32.

Je, kuongoza kundi kuna faida gani basi? Kwa kawaida, aliyeongoza hukutana na aliyekuwa wa pili kwenye kundi jingine. Kenya iliyoongoza Kundi A ilipangwa na Madagaska, ya pili Kundi B. Tanzania iliyoongoza Kundi B ilipangwa na Moroko. Pia kwa kuongoza, timu hizi mbili zilibaki kucheza mbele ya mashabiki wao.

Lakini faida si dhamana. Wenyeji wote watatu wa CHAN, yaani Kenya, Tanzania na Uganda, waliongoza makundi yao, na wote watatu walitolewa robo fainali ndani ya siku mbili. Tanzania ilifungwa 1-0 na Moroko jijini Dar es Salaam usiku ule ule wa huzuni ya Kasarani. Kesho yake Uganda ikafungwa 1-0 na Senegal jijini Kampala. Goli moja katika usiku mmoja lilitosha kufuta kazi ya wiki tatu.

DAKIKA 90 ZIKIISHA SARE

Katika makundi, sare ni matokeo kamili. Katika mtoano haikubaliki, kwa kuwa lazima timu moja iendelee.

Hatua ya kwanza ni muda wa ziada, vipindi viwili vya dakika 15 kila kimoja. Vyote viwili huchezwa hadi mwisho hata kama goli limepatikana mapema. Ukifungwa dakika ya 95 bado una nafasi ya kusawazisha.

Haikuwa hivyo siku zote. Katika Kombe la Dunia la 1998 na la 2002 kulikuwa na kanuni ya goli la dhahabu: timu ya kwanza kufunga katika muda wa ziada ilishinda papo hapo. Mwaka wa 2002 Senegal waliwatoa Sweden kwa goli la namna hiyo, kisha katika robo fainali wakatolewa na Uturuki kwa goli la namna hiyo hiyo. Baadaye kanuni hiyo iliondolewa.

Muda wa ziada pia ni mtihani wa pumzi na wa benchi. Mashindano mengi makubwa huruhusu kubadilisha wachezaji watano, na mmoja zaidi mechi ikiingia muda wa ziada. Kocha anayemaliza mabadiliko yake mapema anaweza kujikuta na mchezaji aliyebanwa na misuli na hana wa kumwingiza. Ndiyo sababu wakati mwingine mashabiki humzomea kocha kwa kuchelewa kubadilisha, kumbe anapiga hesabu ya dakika 120.

Katika nusu fainali ya CHAN, Madagaska na Sudan walimaliza dakika 90 bila goli, na Madagaska wakapata goli lao la pekee katika muda wa ziada. Nusu fainali ya pili, Moroko na Senegal, iliisha 1-1, na Moroko wakapita kwa penalti 5-3. Kwa hiyo hata mabingwa wenyewe waliponea penalti. Sare iliyotutoa sisi ndiyo iliyowapitisha wao.

PENALTI HUPIGWA VIPI?

Mikwaju ya penalti iliingizwa katika kanuni za soka mwaka wa 1970. Kabla ya hapo, timu zilizolingana zingeweza kurudiana siku nyingine au kupigiwa kura. Katika nusu fainali ya Ubingwa wa Ulaya mwaka wa 1968, Italia na Muungano wa Kisovieti zilitoka suluhu, na sarafu iliyorushwa ikaamua kwamba Italia ndiyo iende fainali. Anayelalamika kwamba penalti ni bahati nasibu akumbuke sarafu hiyo.

Utaratibu ni huu:

1. Refa hurusha sarafu kuchagua goli litakalotumika. Anaweza kubadilisha goli kwa sababu za usalama au hali ya uwanja. Kisha hurusha sarafu mara ya pili, na nahodha anayeshinda huchagua kupiga wa kwanza au wa pili.

2. Wanaoruhusiwa kupiga ni wale tu waliokuwa wakicheza mechi ilipoisha, pamoja na aliyetoka kwa muda, kwa mfano anayetibiwa pembeni. Mchezaji wa akiba ambaye hakuingia haruhusiwi kupiga, hata akiwa hodari kiasi gani. Aliyebadilishwa akatoka hawezi kurudi.

3. Timu moja ikiwa na wachezaji wachache, labda kwa sababu ya kadi nyekundu, timu nyingine hupunguza wapigaji wake ili idadi ilingane. Wakibaki 10 upande mmoja, upande wa pili nao huchagua 10.

4. Kila timu hupiga mara tano kwa zamu, kutoka mita 11. Ikiwa timu moja imeongoza kiasi kwamba nyingine haiwezi tena kuifikia, refa hupuliza mwisho hata kama mitano haijaisha.

5. Zikilingana baada ya mitano, huendelea mkwaju mmoja mmoja kila upande, hadi mmoja apate na mwenzake akose katika raundi ile ile.

6. Hakuna anayepiga mara ya pili kabla wenzake wote hawajapiga, kipa akiwemo.

7. Kipa lazima awe na angalau sehemu ya mguu mmoja kwenye mstari wa goli, juu yake au nyuma yake mpira unapopigwa. Mpigaji naye haruhusiwi kuugusa mpira mara ya pili. Ukirudi kutoka kwa kipa au mwamba, mkwaju umekwisha.

8. Kipa akiumia na kushindwa kuendelea, anaweza kubadilishwa na mchezaji wa akiba ikiwa timu yake ina nafasi ya mabadiliko iliyobaki.

Kanuni ya sita si ya vitabuni tu. Katika fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka wa 1992 jijini Dakar, Côte d'Ivoire na Ghana zilipiga hadi makipa wakafikiwa, na Côte d'Ivoire ikashinda 11-10. Mwaka wa 2015 timu hizo hizo zilikutana tena fainali, mara hii Bata nchini Guinea ya Ikweta. Penalti zikafika 9-8, na aliyefunga ule wa ushindi kwa Côte d'Ivoire alikuwa kipa, Boubacar Barry. Kocha anayewafundisha washambuliaji peke yao kupiga penalti anajiwekea mtego.

Jambo moja zaidi. Mechi iliyoamuliwa kwa penalti huandikwa katika kumbukumbu kuwa sare. Magoli ya mikwaju hayaongezwi kwenye matokeo wala kwenye hesabu ya mfungaji bora. Kwa hiyo mkazi anayesema Kenya haikupoteza mechi kwenye CHAN anasema kweli. Na anayesema Kenya ilitolewa anasema kweli pia.

TAHADHARI KWA WANAOBASHIRI

Mizozo mingi inayosikika kwenye maduka ya kubashiri siku za mtoano hutokana na jambo dogo. Ubashiri wa kawaida wa mshindi au sare huamuliwa kwa dakika 90 pamoja na zile za majeruhi. Muda wa ziada na penalti haviingii, isipokuwa pale masharti yanaposema hivyo. Aliyeweka pesa kwamba Madagaska watashinda usiku ule, kwa ubashiri wa kawaida, alipoteza, ingawa Madagaska ndio waliosonga mbele.

Soma masharti kwanza, na usiweke pesa ya chakula, karo au kodi ya nyumba. Kwa walio chini ya miaka 18, sheria hairuhusu kabisa.

MTOANO KATIKA UWANJA WA WADI

Sasa turudi nyumbani. Mashindano mengi ya wadi na vijiji huchezwa kwa mtoano tangu raundi ya kwanza, kwa kuwa timu ni nyingi, siku ni chache na pesa ni kidogo. Hapo ndipo kanuni hizi huhitajika zaidi, na hapo ndipo husahaulika zaidi.

Chanzo cha kwanza cha vurugu ni saa. Hebu tupige hesabu pamoja. Mechi ni dakika 90. Ongeza mapumziko ya dakika 15 na dakika kama nane za majeruhi. Muda wa ziada ni dakika 30, pamoja na kama tano za kupumua na kupanga timu. Penalti nazo huchukua kama dakika 15. Jumla ni dakika 163, yaani karibu saa mbili na dakika 45.

Viwanja vyetu vingi havina taa, na kwetu giza huingia muda mfupi baada ya saa kumi na mbili jioni. Mechi ikianza saa tisa alasiri, hata penalti zikifika itaisha saa kumi na mbili kasorobo, mwanga ungalipo. Ikianza saa kumi na nusu, penalti zitapigwa saa moja usiku kwa mwanga wa simu na taa za bodaboda. Kipa hauoni mpira, refa hauoni mstari, na mashabiki wamesogea hadi ndani ya boksi. Ugomvi ukizuka hapo, kosa si la refa bali la ratiba.

Zipo njia mbili za kuepuka hayo. Anza mapema, au kubalianeni kwamba muda wa ziada utarukwa na sare itaenda moja kwa moja kwenye penalti. Njia zote mbili zinakubalika kikanuni, mradi ziamuliwe kabla ya mashindano kuanza. Kinachozua fujo ni kubadilisha kanuni mpira ukiwa tayari unachezwa.

Kwa waandalizi, tunapendekeza yafuatayo:

- Andikeni kanuni kwenye karatasi moja, manahodha na makocha wote watie sahihi kabla ya mechi ya kwanza. Ionyeshe idadi ya mabadiliko, kama kuna muda wa ziada, na adhabu ya kadi.
- Refa awe na orodha ya wachezaji wa kila timu na namba zao. Mechi ikiisha sare, awatenge wanaoruhusiwa kupiga katikati ya uwanja, na wengine wote watoke nje ya mistari.
- Mtu mmoja aandike kila mkwaju, nani kapiga na matokeo yake, badala ya kutegemea kelele za mashabiki.
- Chagueni goli ambalo nyuma yake pana nafasi na usalama. Watoto wasikae nyuma ya nyavu.
- Malalamiko yaandikwe na yapewe kamati. Yasipelekwe kwa refa uwanjani.
- Kuwe na kisanduku cha huduma ya kwanza na njia ya kumfikisha majeruhi kituo cha afya kilicho karibu. Wachezaji waliochoka huumia kwa urahisi, na muda wa ziada huwakuta wamechoka.

Timu inayotaka kuandaa mashindano inaweza kuuliza mwongozo zaidi kutoka kwa afisa wa michezo aliye karibu au ofisi ya msimamizi wa wadi.

TUKIJIANDAA KWA AFCON 2027

CHAN ilikuwa kama mazoezi. Kenya, Uganda na Tanzania zilipewa uenyeji wa pamoja wa AFCON ya 2027. Jijini Nairobi, uwanja mpya wa Talanta ulibuniwa kubeba mashabiki 60,000.

CHAN ilitufunza pia kwamba tabia ya mashabiki ina gharama. Baada ya vurugu za kiusalama Kasarani katika mechi za makundi, Shirikisho la Soka Afrika, CAF, lilipunguza idadi ya mashabiki walioruhusiwa uwanjani katika mechi za Kenya. Watu waliovunja milango waliwanyima nafasi wenzao waliokuwa tayari kununua tiketi, na wakainyima timu sauti iliyokuwa ikiihitaji.

Mkazi unayepanga kwenda uwanjani, au kutazama mechi ya mtoano kwenye skrini ya pamoja, usipange usafiri wa kurudi kwa hesabu ya dakika 90. Ongeza saa nzima. Kubalianeni na mwenye bodaboda au matatu mapema, mjue mtakapokutana mkipotezana, na watoto wasiachwe warudi peke yao usiku.

NENO KUHUSU ANAYEKOSA

Mtoano huacha mtu mmoja akiwa na mzigo mzito kuliko wengine wote, yule aliyekosa penalti. Uwanja wa Kasarani umeliona hilo, na viwanja vyetu vya wadi huliona kila msimu. Kijana wa miaka 17 hutoka uwanjani akilia, na kabla hajafika nyumbani jina lake limeshatukanwa kwenye makundi ya WhatsApp ya mtaa.

Julai 2010 jijini Johannesburg, Ghana walikuwa wakicheza na Uruguay katika robo fainali ya Kombe la Dunia. Dakika za mwisho kabisa za muda wa ziada, matokeo yakiwa 1-1, Luis Suárez aliuzuia kwa mikono mpira uliokuwa ukiingia golini. Alipewa kadi nyekundu na Ghana wakapewa penalti. Asamoah Gyan akapiga, ukagonga mwamba. Angefunga, Ghana ingekuwa timu ya kwanza ya Afrika kufika nusu fainali ya Kombe la Dunia.

Mechi ikaenda kwenye mikwaju. Mpigaji wa kwanza wa Ghana alikuwa Gyan huyo huyo, dakika chache baada ya kukosa, na mara hii alifunga. Ghana ilitolewa kwa penalti 4-2, lakini hakuna anayeweza kusema Gyan alikimbia.

Afrika ilisubiri miaka 12 zaidi. Mwaka wa 2022 Moroko waliwatoa Uhispania kwa penalti 3-0, kisha wakailaza Ureno 1-0 na kufika nusu fainali hiyo.

Kwa hiyo, wakati mwingine kijana wa timu yenu atakapokosa, kumbukeni kwamba aliyekosa ni yule aliyekubali kupiga. Wengine waliangalia chini kocha alipouliza nani yuko tayari. Mpokeeni, mpeni maji, mrudisheni mazoezini Jumatatu. Msimu ujao kutakuwa na sare nyingine, na kocha atauliza tena nani yuko tayari.